Bendera Ndani ya Mkanda

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, jua la Tabora lilikuwa limekwisha kuwa kali kana kwamba ni saa saba, na upepo mkavu ulikuwa ukihamisha vumbi kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili bila kulipunguza. Katika saa hiyo Mzee Anselm Mihayo, mkuu wa stesheni mstaafu, aliyeitumikia reli maisha yake yote na kumalizia utumishi wake katika stesheni ya Tura, aliingia katika kibanda cha Zamda, fundi wa televisheni na simu. Alivaa suti ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, na mikononi alikuwa na boksi alilolishika kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Nyuma yake alichechemea Yahaya Mabruki, fundi cherehani, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limeacha kumtii.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Zamda.

"Marahaba," alijibu Anselm.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Yahaya, akijitafutia kiti kabla ya kukaribishwa. "Tumekuletea kesi."

"Si kesi," alisema Anselm. "Ni ushahidi. Kesi ilikwisha kusikilizwa."

Ilisikilizwa mwaka 1985, katika Sekondari ya Wavulana ya Isenga, shule ya bweni ambako kitanda kisichotandikwa kilihesabiwa kuwa kosa, na kuchelewa gwaride kukahesabiwa kuwa tabia. Anselm alikuwa wa bweni la Igombe, lililovaa fulana za kijani. Yahaya alikuwa wa bweni la Manonga, lililovaa nyekundu. Siku ya michezo, katika mbio za kupokezana vijiti zilizofunga mashindano, wakimbiaji wa mwisho wa mabweni hayo mawili waliufikia utepe pamoja, bega kwa bega, kama ng'ombe wawili wanaogombea mlango mmoja wa zizi. Utepe ukakatika. Nusu ya shule ikapiga kelele kwamba umekatwa na kijani, nusu nyingine kwamba umekatwa na nyekundu. Mkuu wa shule, aliyeyahurumia magodoro ya serikali yasije yakachanwa katika ugomvi wa mabweni, akatangaza sare. Na kwa kuwa sare haikumridhisha mtu yeyote, jioni ile Anselm na Yahaya walishikana mikono mbele ya mabweni yote mawili na kuwekeana ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa hii: atakayethibitika kuwa amekosea atambebea mwenziwe mzigo halali wa mpagazi, frasila mbili kamili, yaani kilo thelathini na mbili hivi, kichwani, kutoka Kwihara mpaka mjini, kwa njia ya misafara. Hawakuichagua adhabu hiyo ovyo. Babu wa babu yake Anselm alikuwa mpagazi wa kulipwa aliyekwenda pwani na kurudi, na ukoo ulijivunia shingo yake mpaka leo. Wazee wa Yahaya walikuja na misafara kutoka Umanyema, wakaishia Tabora kwa kuwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe, hakuna aliyewaambia kwamba safari inaendelea.

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, yaani hawakukaa mwezi bila kubishana. Wakimbiaji wenyewe hawakusaidia: mmoja alifariki, na wa pili, alipopigiwa simu Mwanza, alisema hakumbuki kama aliwahi kukimbia.

Lakini siku ile ya michezo palikuwapo mwalimu wa fizikia, Mmarekani wa kujitolea, aliyezunguka uwanjani na chombo kizito begani ambacho wanafunzi walikidhania kuwa bazuka. Kumbe kilikuwa kamera ya video, katika nchi ambayo wakati huo upande wa bara hapakuwa hata na kituo kimoja cha televisheni. Mwalimu huyo alifariki kwao mwaka juzi. Binti yake, aliyejua kwamba baba yake aliipenda Isenga, alituma mkanda wa video wa siku ile pamoja na deki ya kuuchezea kwa umoja wa waliosoma shule hiyo, na mwenyekiti wa umoja huo alikuwa Anselm.

"Sasa mnataka nini?" Zamda aliuliza, akiigeuza deki kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Tunataka kujua rangi ya fulana," alisema Anselm.

"Tunataka kujua," alisema Yahaya, "kama mkuu wa stesheni alikuwa akiona vizuri."

Hapo ndipo palipouma. Katika miaka ya karibuni Yahaya alikuwa amegundua kwamba ubishi wao una mkia mrefu kuliko walivyodhani. Anselm alilishwa na reli kwa kazi ya kutenganisha kijani na nyekundu: kijani, treni ipite; nyekundu, isimame. Iwapo fulana ile ilikuwa nyekundu, na Anselm akaapa mbele ya Mungu na mabweni mawili kwamba aliiona kijani, basi macho yake yalikuwa hivyo hivyo alipokuwa Tura ameshika bendera. Yahaya aliyasema hayo barazani, msikitini baada ya swala, na hata kwenye harusi ya binti wa Anselm mwenyewe. "Nyinyi mliopanda treni miaka ile," alikuwa akiwaambia wageni, "mshukuruni sana Mungu, wala msiulize kwa nini."

Watu walicheka. Anselm hakucheka, kwa sababu alianza kujiuliza. Hakuwahi kupata ajali hata moja; lakini mtu aliyefumba macho naye huweza kuvuka barabara salama.

"Nilikuwa kiranja wa bendera," alimweleza Zamda kwa sauti ya mtu aliye chini ya kiapo. "Mlingoti ulikuwa karibu kabisa na utepe. Hakuna mwanafunzi aliyesimama karibu zaidi yangu. Huyu bwana alikuwa mbali, kwenye kona, anakula muwa."

"Muwa hauzibi macho," alisema Yahaya.

Zamda alikuwa fundi hodari na hakumficha mtu habari hiyo. Aliwaahidi picha kabla ya chai ya saa nne. Aliiona deki inataka umeme wa Kimarekani, ambao ni nusu ya wetu, akaipachika kwenye transfoma ya kushusha umeme iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Kisha akaiunga kwenye televisheni bapa iliyokuwa ukutani, mpya, pana kama mlango. Televisheni ilionyesha rangi ya bluu tupu na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

"Hiyo ni bluu," alisema Yahaya. "Bweni gani lilivaa bluu?"

Zamda alijaribu tundu la pili, na la tatu. Chai ya saa nne ikapita. Hatimaye aliishusha kutoka darini televisheni ya chogo, nzito, yenye kisogo kirefu kilichojaa utando wa buibui, akaiunga. Picha ikaja. Ilikuja ikipanda juu kama ngazi isiyo na mwisho, vichwa vya wanafunzi vikitokea chini na miguu yao ikikimbilia darini, mpaka Zamda alipoipiga kofi na kukigeuza kitufe cha nyuma. Ikatulia. Uwanja wa Isenga ukawa mbele yao, mistari ya chokaa, wavulana wembamba, vumbi. Na wakimbiaji wawili wakaja, wakakata utepe.

Wote wawili walikuwa wamevaa kijivu.

"Rudisha," alisema Anselm.

Ikarudishwa. Kijivu na kijivu.

"Mfumo wao si wetu, baba," Zamda alieleza. "Wamarekani rangi wanaituma kivyao. Televisheni yetu ikiipokea haiielewi, inaacha rangi, inachukua mwanga tu. Na kijani na nyekundu zikikosa rangi zinafanana."

"Miaka yote hii," alisema Yahaya taratibu, "nilikuwa nikishangaa rafiki yangu anaonaje. Leo nimeoneshwa."

Anselm aliinuka, akavaa kofia, akaagiza kwa gharama yake kifaa cha kubadilisha mfumo kutoka Dar es Salaam.

Kifaa kilifika kwa basi, kisanduku kidogo kuliko kibiriti cha jikoni, na Jumamosi iliyofuata wazee wakawa tena kibandani. Safari hii televisheni bapa haikukataa. Ilipokea picha na kuinyoosha ili ijaze upana wake, hata wavulana wa Isenga, waliokula ugali na maharage bila kushiba, wakaonekana wanene kama mawakala wa pamba. Rangi ilikuwapo. Tatizo ni kwamba ilikuwapo kupita kiasi: nyuso zilikuwa zambarau na nyasi zilikuwa za rangi ya machungwa.

"Mkanda umezeeka, na mfumo wao ndivyo ulivyo, rangi zake huhamahama," alisema Zamda. "Lakini ukitumia mfumo wao, rimoti inakubali kuzivuta. Tazameni." Akabonyeza. Nyuso zikatoka zambarau, zikapita kahawia, zikaingia kijani.

"Hapo!" alisema Anselm. "Simama hapo. Fulana ile ni ya kijani."

"Hata mkuu wa shule ni wa kijani hapo," alisema Yahaya. "Lete rimoti, mwanangu." Aliichukua, akabonyeza mpaka uwanja mzima ukawa kama uliomwagiwa juisi ya rozela. "Nyekundu. Unaona? Nyekundu bila shaka."

"Na mawingu je?"

"Mawingu ya siku ile yalikuwa ya Manonga."

Wakanyang'anyana rimoti kwa heshima, kila mmoja akisema "tafadhali" kabla ya kuvuta. Mwenye rimoti alishinda mbio. Kufika adhuhuri Igombe walikuwa wameshinda mara nyingi na Manonga mara nyingi, na bweni moja lisilokuwapo duniani, la fulana za samawati, lilikuwa limeshinda mara mbili. Watu walianza kukusanyika mlangoni.

Ndipo Anselm alipotulia, akaitazama picha si kama mshindani bali kama mtumishi wa umma, na akaliona jambo ambalo angepaswa kuliona mapema zaidi ya mtu yeyote. Juu ya utepe palikuwa na mlingoti, na mlingotini bendera ya taifa.

"Bendera," alisema. "Rangi zake zimewekwa kisheria. Kijani juu, nyeusi katikati kati ya michirizi ya manjano, bluu chini. Tuivute rimoti mpaka bendera iwe sahihi. Bendera ikiwa sahihi, kila kitu kilicho chini yake ni sahihi."

Zamda aliurudisha mkanda mwanzoni mwa mbio, akafungua sauti iliyokuwa imezimwa tangu mwanzo, na kuuachia. Lakini mbio zile zilichelewa siku ile, na zilipokuwa zikimalizika saa kumi na mbili jioni ilikuwa imefika: kwenye kioo ilisikika filimbi, na bendera ikaanza kushuka.

"Mguu pande! Sawa!" Anselm alinguruma, na akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Watu wa mlangoni, ambao wote walikuwa wamesoma shule, wakasimama wima bila kufikiri. Zamda naye, rimoti mkononi, akajikuta amekauka. Utepe ukakatwa na kivuli cha zambarau, bendera ikashuka yote, mkanda ukaendelea kwenye kugawa soda.

"Mbona hukubonyeza?" aliuliza Anselm.

"Baba, si umeniambia sawa?"

"Ilikuwa lazima. Bendera ilikuwa inashushwa."

"Sasa nitabonyeza vipi nikiwa nimesimama sawa?"

Hilo lilikuwa swali, na Anselm hakuwa mtu wa kulikwepa swali. Zamda alipoanza kuurudisha mkanda nyuma, bendera ilipanda juu kwa kasi ya ajabu, na Anselm akasimama wima tena, kwa kuwa bendera inayopandishwa ina haki ile ile. Wakasimama wote. Ilipofika juu wakakaa. Mkanda ukaachiwa, bendera ikashuka, wakasimama. Muuza karanga aliyekuwa akipita alitua beseni lake mara tatu.

"Nitaisimamisha katikati," alisema Zamda, jasho likimtoka. "Ikiganda haisogei, nitarekebisha rangi." Akaigandisha. Bendera ikabaki imening'inia katikati ya mlingoti, ikitetemeka kwa mistari.

"Nusu mlingoti!" Anselm alipaza sauti. "Nani amekufa?"

"Aliyepiga picha amekufa," alisema Yahaya, aliyekuwa ameketi muda wote akifurahia maisha. "Mungu amrehemu. Iache hapo."

"Nusu mlingoti haitangazwi kibandani kwa fundi simu. Huamriwa na Rais. Iondoe, mama, kabla hatujaingia kwenye kosa."

Ikaondolewa. Zamda aliweka rimoti mezani akasema kwamba amekwisha kutengeneza televisheni ya padri, ya imamu na ya mkuu wa polisi, lakini hii ni ya kwanza inayotaka ipigiwe saluti.

Anselm alizunguka kibandani huku mikono imefungwa nyuma. Alitafuta katika kanuni zote alizozishika tangu Isenga mtu anayeruhusiwa kukaa na kutumia mikono yake wakati bendera inashushwa, na alipompata hakumfurahia. Ni mgonjwa. Mgonjwa asiyeweza kusimama halazimishwi. Na kibandani mle mlikuwa na mgonjwa mmoja tu, na goti lake lilijulikana mji mzima.

"Yahaya," alisema hatimaye. "Shika rimoti."

Watu wa mlangoni waliguna.

"Mimi?" alisema Yahaya. "Fisi apewe bucha?"

"Wewe umeketi kihalali. Utavuta rangi mpaka bendera iwe bendera. Mimi nitakuwa nimesimama naitazama. Ikiwa sawa nitasema sawa, na hapo hutagusa tena."

"Na nikikudanganya?"

"Utakuwa umeidanganya bendera, si mimi."

Yahaya aliishika rimoti, akaweka kidole kwenye kitufe. Filimbi ikalia ndani ya mkanda. Kibanda kikasimama wima. Rangi zikaanza kusogea chini ya kidole cha fundi cherehani, aliyezoea kulinganisha uzi na kitambaa: zambarau ikapauka, nyasi zikatoka machungwa zikawa majani makavu, nyuso zikapata weusi wake wa haki, na juu kwenye mlingoti, ikishuka polepole, ikatokea kijani, nyeusi, manjano, bluu.

"Sawa," alisema Anselm, bila kutikisa kichwa.

Yahaya akaweka rimoti chini na kuinua mikono juu kama aliyetekwa.

Wakimbiaji wakatokea kwenye kona. Umati wa shule nzima uliivunja amri ya filimbi ukaukimbilia utepe, walimu mbele. Mmoja tu hakukimbia. Chini ya mlingoti, karibu na utepe kuliko mwanadamu yeyote, alisimama kijana mwembamba wa kaptura ya kaki, wima kama nguzo ya simu, macho yameganda kwenye bendera. Uso wake ulielekea mlingoti. Mgongo wake ulielekea utepe. Mkimbiaji alipita nyuma yake kwa hatua moja, upepo wake ukaipeperusha kola ya kijana yule, na kijana hakugeuka. Bweni la Igombe, nyuma yake, lilikuwa likipiga kelele: "Kijani! Kijani!"

Fulana iliyokata utepe ilionekana bila shaka yoyote.

"Nyekundu," alisema Anselm, kabla ya mtu mwingine kusema.

Alibaki amesimama hata baada ya bendera kufika chini na soda kuanza kugawiwa. Fulana ile ya kijani aliyoiona miaka yote, yenye jasho mgongoni na uzi uliofumuka begani, aliyoweza kuapa kwamba aliiona, hakupata kuiona. Aliipokea masikioni.

Yahaya alikohoa. "Bwana Stesheni," alisema taratibu, "umeitambua nyekundu mwenyewe, na bendera umeitambua rangi zote. Nyinyi mlioko mlangoni mmesikia? Macho ya huyu mtu ni mazima. Treni zote zilipita kwa haki. Kosa lake hakutazama, na hakutazama kwa sababu alikuwa kazini."

"Nilikula kiapo juu ya jambo nisiloliona," alisema Anselm. "Mzigo uko wapi?"

"Ah, bwana wee, tumezeeka. Nimekusamehe."

"Hukuniuliza kama nataka msamaha. Mzigo."

Yahaya alimtazama, akajua hatamgeuza. Akaelekeza kidole kwenye televisheni ya chogo. Zamda aliitoa kwa furaha, akishukuru kuondokewa nayo. Walipoipima kwenye mizani ya muuza mchele haikufika frasila mbili, na ni Anselm mwenyewe aliyedai iongezwe deki na transfoma mpaka mizani itulie.

Jumapili baada ya misa walikwenda Kwihara. Anselm alijipindia kata ya kitenge, akatwishwa, akaanza kutembea na suti yake. Yahaya alitangulia kwa bajaji iliyoamriwa kwenda mwendo wa mguu, ameshika fimbo yenye fulana nyekundu aliyoishona mwenyewe, kwa kuwa msafara hauendi bila kiongozi na kiongozi hakosi bendera. Anselm hakupinga, ndivyo misafara ilivyokwenda. Alipumzika chini ya miti mara kadhaa, akakataa maji ya chupa yaliyotolewa na mwenye pikipiki aliyesimama, na akakataa kwa ukali zaidi kupakiwa. Shingo ya ukoo ilishikilia, ingawa ililalamika.

Walikuwa wanaingia mjini, karibu na ofisi moja ya serikali, filimbi ilipolia. Saa kumi na mbili. Bodaboda zikazimwa, wapita njia wakaganda, na Anselm, frasila mbili kichwani, akasimama wima. Kichwa hakingeweza kugeuka kwa sababu ya mzigo. Lakini safari hii aligeuza macho. Aliona mwanamke ameshika mkono wa mtoto asikimbie. Aliona mbuzi asiyejua sheria. Na kando ya bajaji alimwona Yahaya, aliyeteremka, fimbo ya fulana ameilaza chini, amesimama wima kwa goti lile lile huku linamtetemeka.

Bendera ilipofika chini wakaendelea. Barazani kwa Yahaya Anselm alipiga magoti, akautua mzigo bila kuugonga.

"Frasila mbili, kutoka Kwihara," alisema. "Deni la mwaka themanini na tano."

Yahaya aliukagua mzigo mbele ya watu, televisheni, deki, transfoma.

"Limelipwa," alisema.

Anselm akafumua kata, akaikung'uta vumbi, akaikunja mfukoni, na akaenda zake nyumbani.